Fomu ya afya ya mwanao ikifika shuleni, nani anaisoma?

Kila Januari na kila Julai, maelfu ya wazazi nchini hukaa mezani na kalamu kujaza fomu za watoto wao za kujiunga na sekondari. Jina, kijiji na namba ya simu huandikwa haraka. Orodha ya mahitaji, kuanzia godoro na ndoo hadi jembe na ufagio, huzua manung'uniko ya kawaida. Kalamu husita kwenye karatasi ya uchunguzi wa afya, ile ambayo daktari hutakiwa kuijaza na kuigonga muhuri: macho, masikio, kifua, damu, mkojo, choo, na kwa wasichana, mara nyingi, kipimo cha ujauzito. Mwishoni huachwa nafasi ya kuandika kama mwanafunzi ana ugonjwa wa kudumu au tatizo lingine ambalo shule inapaswa kulifahamu.

Mzazi ambaye mtoto wake hana tatizo huandika "hana" na kuendelea na mengine. Mwenye mtoto anayeishi na Virusi vya Ukimwi (VVU), mwenye kifafa, mwenye selimundu, au ambaye ana miaka 14 na bado anakojoa kitandani, huitazama nafasi hiyo kwa muda mrefu. Akiandika, hajui nani atasoma. Asipoandika, mtoto anaweza kuzidiwa bwenini saa nane usiku na pasiwepo anayejua la kufanya.

Hofu hiyo ina msingi. Siku ya kuripoti, fomu mara nyingi hupokelewa kwenye meza iliyowekwa nje ya ofisi, mbele ya foleni ya wazazi na wanafunzi wengine. Anayezipokea anaweza kuwa mwalimu wa zamu, karani, au hata kiranja aliyeombwa kusaidia kuzipanga. Kisha karatasi ya afya huwekwa kwenye faili moja na cheti cha kuzaliwa na stakabadhi za malipo. Akilifungua mhasibu kutafuta risiti, anapita juu yake. Akilifungua mwalimu wa darasa kutafuta namba ya simu ya mzazi, naye anapita juu yake. Hakuna aliyekusudia kutoa siri ya mtoto, ila siri yenyewe imewekwa njiani.

Wazazi wengi huishia kwenye moja kati ya mambo mawili: kusema kila kitu kwa yeyote aliyekaa kwenye ile meza, au kunyamaza kabisa. Yote mawili yanaweza kumgharimu mtoto, na yote mawili yanaepukika.

Shule inahitaji kujua nini hasa?

Yapo magonjwa ambayo kuyaficha ni hatari. Kifafa ni mojawapo. Mwanafunzi akianguka darasani, walio karibu wanatakiwa kuondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, kumlaza ubavu, kulegeza tai au kola yake, kuangalia saa, na wasimtie kitu chochote mdomoni, iwe kijiko au kitambaa. Hali hiyo ikizidi dakika 5, apelekwe hospitali. Bado wapo watu wanaoamini kwamba povu la mgonjwa wa kifafa huambukiza, na kwa imani hiyo humkimbia au huwazuia wengine kumgusa. Kifafa hakiambukizi. Shule ambayo haikuambiwa mapema itajifunza hayo mtoto akiwa chini, na huo si wakati mzuri wa kufundishana.

Selimundu nayo inahitaji mtu wa kuifahamu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa zaidi ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa huo duniani, hivyo hakuna mwalimu anayeweza kudai kwamba hautamhusu. Mtoto wa selimundu anatakiwa kunywa maji mara kwa mara, kujikinga na baridi na kuepuka kuchoka kupita kiasi. Figo zake hushindwa kuzuia maji mwilini kama za wenzake, ndiyo maana huomba ruhusa ya kwenda chooni mara nyingi, na wengine hukojoa kitandani hata wakiwa wakubwa. Mwalimu asiyejua humwona mtoro wa darasani. Matroni asiyejua humwanika na godoro lake mbele ya bweni zima. Akipata homa, mtoto huyu si wa kupewa panadoli na kuambiwa akalale. Ni wa kupelekwa hospitali mara moja.

Lakini ukiitazama mifano hiyo kwa karibu, utaona kwamba watu mbalimbali shuleni hapo wanahitaji vitu tofauti. Anayesimamia mchakamchaka wa alfajiri hahitaji jina la ugonjwa. Anahitaji kujua kwamba huyu asikimbizwe kwenye baridi, na akiomba maji apewe. Mwalimu wa darasa anahitaji kujua kwamba huyu akiomba ruhusa ya kwenda chooni asiulizwe mara tatu. Matroni au patroni anahitaji kujua zaidi, kwa sababu ndiye wa kuamshwa usiku. Muuguzi wa shule, kama yupo, anahitaji kujua karibu yote. Kiranja wa bweni anaweza kuambiwa nini cha kufanya mwenzake akianguka, na hapo pakatosha.

Hospitali hufanya kazi kwa mtindo huohuo: mhudumu wa mapokezi hatakiwi kusoma majibu ya maabara yako, ingawa anakuandikisha kila unapofika. Shule ina sababu ya kuiga.

VVU ni habari nyingine

Kwa mtoto anayeishi na VVU, hesabu inabadilika. Hakuna huduma ya kwanza shuleni inayotegemea kujua hali yake. Damu ya mwanafunzi yeyote aliyeumia inatakiwa kushughulikiwa kwa glovu, awe amepimwa au hajapimwa. Dawa nyingi za kufubaza makali ya VVU (ARV) zinazotumika sasa humezwa mara moja kwa siku, hivyo mtoto wa shule ya kutwa humeza nyumbani na kwenda zake. Shule ya aina hiyo kwa kawaida haina cha kufanya na taarifa hiyo, na mzazi hana sababu ya kuiandika kwenye karatasi itakayopita mikono mingi.

Bweni ndilo lenye mtihani. Mtoto atahitaji mahali pa kuweka dawa, muda wa faragha wa kuzimeza na ruhusa ya kwenda kliniki. Pasipo mtu mzima hata mmoja anayejua, mtoto hubaki kujificha mwenyewe. Wapo wanaojaza pamba kwenye kopo ili vidonge visilie ndani ya tranka. Wapo wanaozihamishia kwenye kopo la dawa nyingine. Wapo wanaoruka dozi kwa sababu bweni limejaa watu na taa imezimwa. Dozi zinaporukwa, virusi hupata nafasi ya kuzaliana na baadaye kujenga usugu, na dawa iliyokuwa ikimtosha haimtoshi tena. Kwa mtoto huyu, mtu mmoja anayeaminika, awe matroni au muuguzi, aliyechaguliwa na mzazi pamoja na mtoto mwenyewe, ana thamani kuliko fomu yoyote.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi husahau: fomu hubebwa na mtoto. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2011, linashauri mtoto wa umri wa shule aelezwe hali yake ya VVU hatua kwa hatua, kulingana na uelewa wake. Katika nyumba nyingi hatua hizo hazijaanza. Mtoto ameambiwa anakunywa dawa za kifua, au dawa za kuongeza damu, na ameamini. Kisha siku moja anafungua bahasha iliyo kwenye begi lake akiwa ndani ya basi, na anasoma mwandiko wa daktari. Mzazi aliyekuwa akitafuta siku nzuri ya kumwambia amekwisha kutanguliwa na karatasi. Ni jambo linalozuilika, na kuzuia kwake kunaanzia nyumbani kabla ya Januari.

Serikali iliyoambiwa na mahakama ifiche majina

Anayedhani kwamba haya ni maneno ya wanasheria tu ana kesi ya kuangalia kwa jirani zetu. Februari 23, 2015, Rais wa Kenya wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza makamishna wa kaunti, wakishirikiana na wakurugenzi wa elimu na wa afya, kukusanya takwimu za watoto wote wa shule wanaoishi na VVU, pamoja na walezi wao na wajawazito na kina mama wanaonyonyesha wenye maambukizi.

Takwimu za namna hiyo zinaweza kusaidia kupanga huduma, na Serikali ilitetea agizo lake kwa hoja hiyo. Tatizo lilikuwa kwenye jedwali lenyewe la kujazwa: liliunganisha jina na hali ya mtoto. Shirika la KELIN, linalotetea haki za afya, na wenzake walikwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi. Desemba 2016, katika hukumu ya Jaji Isaac Lenaola, mahakama iliamua kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba ya Kenya, hasa Ibara ya 31 inayolinda faragha na Ibara ya 53 inayotaka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Serikali ilipewa siku 45 kuyahifadhi majina yale kwa namba za siri, ili mtu asiweze kuoanisha jina na hali.

Kilichoamuliwa pale kinamfaa hata mwalimu mkuu wa shule ya kata. Mahakama haikukataza Serikali kujua ni watoto wangapi wanahitaji dawa. Ilikataza majina yao kuandikwa kando ya ugonjwa wao na kupitishwa ofisi hadi ofisi. Mwalimu wa afya anaweza kumwambia mkuu wake kwamba shule ina wanafunzi watano wanaohitaji ruhusa ya kliniki kila baada ya miezi mitatu, na ratiba ikapangwa, bila orodha kubandikwa popote.

Sheria ya hapa nyumbani

Tanzania haijaachwa nyuma kwenye maandishi. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi (PDPC) ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Sheria hiyo inaziweka taarifa zinazohusu watoto, na taarifa za afya, kwenye kundi la taarifa nyeti. Maana yake, karatasi ya afya ya mwanafunzi ni nyeti mara mbili.

Anayekusanya taarifa anatakiwa kukuambia anazikusanya kwa ajili ya nini, azitumie kwa lengo hilo tu, azitunze kwa usalama na asikae nazo kuliko muda unaohitajika. Wewe una haki ya kuziona, na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Shule nazo hukusanya taarifa, za umma na za binafsi. Ugumu ni kwamba sheria imefika kwenye Gazeti la Serikali kabla ya kufika kwenye kabati la ofisi ya mwalimu wa taaluma, ambalo kufuli lake pengine liliharibika zamani.

Kwa VVU kuna sheria yake ya mwaka 2008, inayokataza mtu kulazimishwa kupima, inayotaka majibu yawe siri, na inayokataza mtu kunyimwa nafasi au kufukuzwa kwenye taasisi kwa sababu ya hali yake. Shule inayodai majibu ya VVU kama sharti la kumpokea mwanafunzi haina pa kusimama.

Kipimo cha ujauzito ni eneo ambalo faragha imevunjwa wazi zaidi. Kwa miaka mingi wasichana walipangwa foleni na kupimwa, na majibu yakawa sababu ya kufukuzwa. Novemba 2021 Serikali ilitoa waraka unaoruhusu waliokatisha masomo, wakiwamo waliojifungua, kurudi kwenye shule za kawaida. Mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu ya Afrika inayoshughulikia haki na ustawi wa mtoto iliitaka Tanzania ikomeshe upimaji wa lazima wa ujauzito shuleni. Mzazi anayekuta kipimo hicho kwenye fomu anayo haki ya kuuliza ni cha nini, na majibu yake yatakwenda kwa nani.

Alama, madeni na picha

Afya ndiyo yenye uchungu zaidi, ila haiko peke yake kwenye faili. Makundi ya WhatsApp ya wazazi wa darasa yamekuwa ubao wa matangazo usio na ukuta. Mwalimu hupiga picha karatasi ya matokeo ya darasa zima, mwenye alama 91 na mwenye alama 14, na kuituma kwa watu 60. Mhasibu hutuma majina ya wanaodaiwa ada. Baraza la Mitihani (NECTA) lenyewe hutoa matokeo ya kidato cha nne kwa namba za watahiniwa, na Januari 2023 liliacha kutangaza shule na watahiniwa kumi bora. Mwalimu wa darasa anaweza kabisa kumtumia kila mzazi matokeo ya mwanawe peke yake. Ni kazi zaidi, hilo halina ubishi, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Picha nazo zimekwisha kuleta faini. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, Sh4.55 milioni za nchi hiyo kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila ridhaa ya wazazi. Shule zinazobandika watoto kwenye mabango na kurasa za mitandao kutafuta wanafunzi wapya zingefanya vyema kuisoma habari hiyo mara mbili.

Mzazi afanyeje?

Fomu ya afya isikabidhiwe mezani. Iwekwe kwenye bahasha, ifungwe, iandikwe juu kwamba ni ya mkuu wa shule au muuguzi, na mzazi aipeleke mwenyewe. Kama shule iko mbali na mtoto anasafiri peke yake, mzazi anaweza kupiga simu kabla na kukubaliana na mkuu namna ya kuifikisha. Maneno yenyewe hayahitaji ukali. Inatosha kusema: "Mwalimu, mtoto wangu ana hali inayohitaji uangalizi. Naomba nizungumze nawe na matroni faraghani, na naomba karatasi hii isikae kwenye faili la kawaida." Wakuu wengi wa shule ni wazazi pia, na ombi la heshima hulielewa haraka.

Kabla ya kuondoka, ajue nani wameambiwa, karatasi inafungiwa wapi, na ufunguo anao nani. Amwachie matroni maelekezo mafupi ya nini cha kufanya mtoto akizidiwa, yakiwa na namba ya simu. Na mtoto ajue nani anajua. Ni vibaya kwa mtoto wa miaka 13 kukaa akibahatisha ni mwalimu gani anafahamu na yupi hafahamu.

Hapo panaingia suala ambalo wazazi hawalipendi sana: faragha ya mtoto dhidi ya mzazi mwenyewe. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila ridhaa ya mzazi. Binti anaweza kumweleza mwalimu wa ushauri jambo ambalo hajamwambia mama yake. Mzazi anayemlazimisha mwalimu atoe kila kilichosemwa chumbani humo atapata taarifa mara moja tu. Baada ya hapo binti hatasema tena, kwa mwalimu wala kwa mama. Yapo ya kutangazwa kwa nguvu, kama vile mtoto anayefanyiwa ukatili, ambapo mwalimu anatakiwa kuchukua hatua hata kama ameombwa anyamaze. Mengine mwalimu mzuri humsaidia kijana ayaseme nyumbani kwa mdomo wake.

Siri ikivuja, mzazi aanze na mkuu wa shule, kwa maandishi, akitaja tarehe na kilichotokea, na abaki na nakala. Asiporidhika apande kwa ofisa elimu wa kata au wa wilaya, au bodi ya shule. Malalamiko kuhusu matumizi ya taarifa binafsi hupokelewa na PDPC, na sheria inaruhusu kudai fidia kwa aliyepata madhara. Wakati hayo yakiendelea, mtoto anabaki darasani kati ya wenzake waliokwisha kusikia, hivyo la kwanza kushughulikiwa liwe usalama wake hapo: nani anakaa naye, nani anamtania, na kama anataka kubaki au kuhama.

Akihama au akihitimu, ile karatasi ya afya haina kazi tena shuleni. Karatasi za shule zina tabia ya kutoka ofisini kwa kilo, na wengi wetu tumewahi kununua karanga zilizofungwa kwenye mtihani wenye jina na alama za mtu. Siku ya kuchukua cheti, mzazi aulize fomu ya mwanawe iko wapi, aombe arudishiwe, au ichanwe akiwepo.